Miguu Mitatu, Hana Jina

Bwana Anyelwisye kaja toka Kiwira, inkubeta mgongoni,
kaifunga kwa khanga kama mtoto wa kuazimwa,
manyunyu ya Tukuyu yakimchuruzika ukosini.
"Mayai yana siku kumi na nne," kasema, hata hodi hajamaliza.
"Nimeyaacha kitandani, mke wangu kayakumbatia,
na Juni ya kwetu unaijua, haina utani."

Nikafungua. Skrubu nne; ya tano ilishapotea.
Harufu ya ukucha ulioungua.
Maiti ikaonekana mara moja:
kidude cheusi, miguu mitatu, tumbo limepasuka,
na palipokuwa na jina lake
pamebaki kovu jeupe, kama ukoga.

"Kinaitwaje hicho?"
Sijui, mzee.
"Sasa utatafutaje usichokijua jina?"

Mwanjelwa nako madukani huniuliza hivyohivyo,
bila kuinua macho kwenye simu zao.

Mimi jina huliuliza mwisho.
Kwanza: unakaa na nani?
Nani anakutuma, na wewe unamtuma nani?
Nikashika lenzi, nikafuata njia za shaba
kama mtu anayefuata mfereji katika shamba la watu,
polepole, asikanyage mche.
Mguu wa kushoto umezama ardhini.
Wa kati unapokea amri toka kwenye ubongo wa mashine,
kupitia rezista ya kahawia, nyeusi, nyekundu.
Wa kulia unakwenda kwa rilei,
ile inayogonga *ta*, balbu za joto zikawaka.
Kumbe wewe bawabu.
Hufungui mlango mpaka uambiwe.

Nikaweka mita. Kati na kulia: kimya.
Kati na kushoto: sifuri nukta sita.
Nusu yake ilikuwa bado inapumua,
na nusu hiyo ikaniambia ni transista ya aina gani.

Nina kopo la siagi lenye viungo vya redio thelathini.
Huyu mnene mno. Huyu anataka amri kinyume.
Huyu, C945, wa redio ya marehemu Tupokigwe wa Katumba,
si ndugu, ila kazi anaiweza.
Tatizo miguu: wake wa kati ndio wa kulia wa mwenzake.
Nikamvisha soksi ya waya mguu mmoja,
nikaupitisha juu ya wa pili. Akakunja nne.

Pasi imeshika moto, lehemu mkononi,
ndipo nikajiuliza lile ambalo haraka hailiulizi:
nani alimuua?

Kando ya rilei, daiodi ya kioo, ndogo kama punje ya ulezi,
nzima machoni. Nikaigusa kwa ukucha,
ikaachana vipande viwili.

Koili ikikatiwa umeme hurusha teke
kama ng'ombe anayekamuliwa na mgeni.
Daiodi ndiyo iliyokuwa ikilipokea teke hilo.
Ikapasuka kimya, labda Aprili, asijue mtu,
na bawabu akapigwa miezi miwili, hadi juzi.
Sisi tukaona moshi, tukamwita mbovu.

(Nikamfikiria kidogo dada yangu Sekela,
na nani alikuwa akipokea mateke kabla yake.
Kisha nikarudi kwenye lehemu.)

Saa kumi jioni, *ta*.
Tukangoja, hakuna aliyesema neno. *Ta*.
Bwana Anyelwisye kakaza khanga kifuani, kalipa nusu,
nyingine ataleta vifaranga wakitoka, kama watatoka.
Mlangoni kageuka: "Mwishowe kinaitwaje?"

Nilikuwa nimeshaandika ubavuni mwa bodi, kwa wino mweupe,
kwa ajili ya fundi atakayefungua baada yangu:
C945. MIGUU IMEPISHANA. DAIODI MPYA.

Yule wa mwanzo simjui bado.
Yumo koponi, na wengine,
na ukimgusa kati na kushoto
anajibu, sifuri nukta sita.